Leo Baekeland: Maisha Yake na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Sayansi

Swali la mtoto

Miaka michache iliyopita tulikwenda kumkagua mwanachuo wetu mmoja aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lake lilihusu vitu vinavyoyeyuka kwa joto. Alifundisha kwa ufasaha, ubao wake ulikuwa safi, na zana zake alizipanga vizuri juu ya meza: mshumaa, kipande cha ndoo ya plastiki iliyovunjika, na kikaango chenye mkono mweusi. Kipindi kilipokaribia kwisha, mtoto wa kike aliyeketi nyuma alinyosha kidole. Aliuliza kwa nini ndoo huyeyuka ikisogezwa karibu na moto, ilhali mkono wa kikaango, ambao nao ni plastiki, hukaa jikoni kila siku wala hauyeyuki. Mwanachuo alitutazama. Nasi tuliinamisha vichwa tukaandika katika fomu zetu. Mwishowe alimwambia mtoto kwamba swali hilo halimo katika somo la siku hiyo, na kengele ikalia.

Tulimpa mwanachuo yule alama nzuri. Lakini njiani kurudi chuoni tulitambua kwamba lile swali lilikuwa ndilo jambo bora lililosemwa darasani asubuhi ile, na kwamba aliyelizima alikuwa amefundishwa na sisi. Habari za plastiki tulikuwa tumempa kwa mistari mitatu: jina la mvumbuzi, mwaka wa uvumbuzi, na jina la kitu kilichovumbuliwa. Mistari mitatu ya namna hiyo haimsaidii mwalimu kumjibu mtoto. Katika makala haya tunakusudia kulipa deni lile. Tutasimulia maisha ya Leo Baekeland, mtu aliyetengeneza plastiki ile ngumu isiyoyeyuka, kisha tutaeleza jinsi maisha hayo yanavyoweza kuingizwa katika kipindi cha sayansi cha shule ya msingi.

Mtoto wa fundi viatu

Leo Hendrik Baekeland alizaliwa tarehe 14 Novemba 1863 katika mji wa Ghent, nchini Ubelgiji. Baba yake alikuwa fundi viatu, na mama yake alikuwa mtumishi katika nyumba za watu. Baba alitaka mwanawe arithi sindano na ngozi. Mama ndiye aliyeshikilia kwamba kijana aendelee na shule, na kijana hakumwangusha. Alisoma mchana, na jioni akahudhuria masomo ya ufundi yaliyotolewa mjini humo.

Tangu ujana wake alipenda sana kupiga picha. Enzi hizo mpiga picha alilazimika kujitayarishia baadhi ya kemikali, na iliyo muhimu miongoni mwazo hutokana na madini ya fedha, ambayo ni ghali. Inasimuliwa kwamba Leo alipokosa pesa za kuinunua, alichukua mkufu wa fedha wa saa aliyopewa na baba yake, akauyeyusha katika asidi, akaitenga shaba iliyochanganyika humo, na kubaki na fedha safi ya kutengenezea kemikali yake. Hatujui baba alisema nini. Tunachokiona ni kijana aliyejifunza kemia kwa sababu alikuwa na haja nayo.

Aliingia Chuo Kikuu cha Ghent mwaka 1880 kwa msaada wa masomo uliotolewa na mji wake, na mwaka 1884 alipata shahada ya udaktari kwa sifa za juu kabisa, kabla hajatimiza miaka 22.

Mwalimu wa walimu

Jambo linalofuata aghalabu huachwa na wanaosimulia habari zake, lakini sisi tulio katika vyuo vya ualimu hatuna budi kulishika. Kati ya mwaka 1887 na 1889 Baekeland alifundisha fizikia na kemia katika chuo cha serikali cha ualimu katika mji wa Bruges. Kabla hajawa mvumbuzi na tajiri, alikuwa mkufunzi mwenzetu.

Mwaka 1889 alimwoa Céline Swarts, binti wa profesa wake wa kemia. Alikuwa amekwisha kushinda tuzo iliyompa nafasi ya kusafiri na kutembelea vyuo vya nchi nyingine, basi maharusi wakafunga safari hadi Marekani. Huko alipewa kazi katika kampuni ya vifaa vya picha, akaamua kubaki. Aliacha nafasi ya heshima katika chuo kikuu cha kwao, akaenda kuanza upya ugenini.

Ugonjwa, madeni, na karatasi ya picha

Mwanzo huo haukuwa mwepesi. Baada ya miaka miwili hivi aliacha kazi ya kuajiriwa, akajitegemea kama mshauri wa mambo ya kemia. Alishika mambo mengi kwa wakati mmoja na hakukamilisha hata moja. Akiba ikamwishia, akaingia katika madeni, kisha akaugua sana. Alipokuwa kitandani alipata wasaa wa kujihesabia, akaona kwamba kosa lake lilikuwa kutawanya nguvu. Alipopona alichagua kazi moja tu: kutengeneza karatasi ya picha ambayo ingechapwa kwa mwanga wa taa, ili mpiga picha asilazimike kungojea jua.

Karatasi hiyo ilipewa jina la Velox, nayo ilianza kuuzwa mwaka 1893 na kampuni aliyoianzisha pamoja na mshirika wake katika mji wa Yonkers, karibu na New York. Wapiga picha waliozoea jua hawakuipokea haraka, lakini baadaye ilienea. Mwaka 1899 George Eastman, mwenye kampuni ya Kodak, aliinunua kazi hiyo kwa kiasi kinachotajwa kuwa dola 750,000. Baekeland alikuwa na umri wa miaka 35, na tangu siku hiyo hakuwa na lazima ya kufanya kazi ili ale.

Alinunua nyumba kubwa Yonkers, akajenga maabara yake humo. Halafu, pamoja na utajiri wote huo, alikwenda Ujerumani kusoma tena, kwa kuwa aliona elimu yake ya kemia ya umeme imechakaa.

Uchafu uliochukiwa na wakemia

Ili tuelewe kazi yake kubwa, yafaa kwanza tutazame haja iliyokuwapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 umeme ulikuwa ukienea kwa kasi. Kila waya na kila swichi ilihitaji kitu cha kuzuia umeme usimpate mtu. Kitu kilichotumika sana kwa kazi hiyo kiliitwa shelaki. Hutokana na ute mgumu unaotolewa na wadudu wadogo juu ya matawi ya miti, hasa katika nchi ya India. Ute huo hukwanguliwa, huyeyushwa na kusafishwa. Wadudu hawawezi kuharakishwa, kwa hiyo bei ya shelaki ilizidi kupanda kadiri viwanda vya umeme vilivyoongezeka.

Baekeland alijiuliza kama mwanadamu angeweza kuitengeneza shelaki katika maabara. Alikumbuka jambo lililokuwa limeandikwa mwaka 1872 na mkemia Mjerumani, Adolf von Baeyer. Huyu alikuwa amechanganya fenoli na formaldehaidi. Fenoli hupatikana katika lami ya makaa ya mawe, na ilijulikana sana kama dawa ya kuulia vijidudu hospitalini. Formaldehaidi ni ile iliyomo katika formalini, dawa ambayo katika maabara za biolojia huhifadhia mizoga ya wanyama isioze. Vitu hivi viwili vilipokutana, vilizaa utomvu mgumu ulioganda ndani ya chombo, usiotoka kwa kusugua wala kuyeyushwa kwa dawa yoyote. Wakemia wa wakati ule walitafuta vitu safi vyenye fuwele. Utomvu huo kwao ulikuwa uchafu, na chombo kilichoingiwa nao kilikuwa hasara.

Hata Baekeland alianza kwa kuutazama kama wao. Yeye na msaidizi wake, Nathaniel Thurlow, walijitahidi kupata utomvu laini unaoyeyuka, ili uwe badala ya shelaki. Waliupata, wakauita Novolak, lakini wanunuzi hawakuuona kuwa bora kuliko shelaki yenyewe. Hapo ndipo alipoligeuza swali. Hadi wakati huo kila mtu alikuwa akiuliza namna ya kuuzuia ule utomvu usiwe mgumu. Yeye akauliza ugumu huo ungefaa kwa kazi gani. Kitu kisichoyeyuka kwa moto, kisichoharibiwa na dawa, wala kupitisha umeme, ndicho hasa viwanda vilivyokuwa vikikilalamikia.

Juni 1907

Lilibaki tatizo moja kubwa. Fenoli na formaldehaidi zikipashwa moto hushikana kwa nguvu, na katika kushikana huko hutoa maji. Maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke hutoka pamoja na hewa ya formaldehaidi. Basi mchanganyiko hufura kama unga wa maandazi uliozidi hamira, na ukiganda huwa kama sponji lenye matundu, hauna nguvu yoyote. Waliotangulia waliogopa moto. Walipunguza joto, wakangoja siku nyingi, na mwishowe wakapata kitu kilichopindika na kupasuka.

Baekeland alikwenda kinyume chao. Katika siku za kati za mwezi wa Juni 1907 alifanya majaribio mfululizo, akiuweka mchanganyiko ndani ya mirija iliyozibwa na kuipasha moto mkali, na kila jaribio akaliandika katika daftari lake la kila siku. Alibaini kwamba moto haukuwa adui, mradi tu mvuke uzuiliwe usifurishe mchanganyiko. Kwa hiyo alitumia joto kubwa, nyuzi 140 za Selsiasi na zaidi, ndani ya chombo kizito cha chuma kilichofungwa, na humo akasukuma hewa kwa mgandamizo uliozidi ule wa mvuke. Mchanganyiko haukupata nafasi ya kufura. Ulitoka ukiwa kitu kizima, kigumu, kisicho na tundu, chenye sura ya chombo kilichoushika. Akakiita kwa jina lake mwenyewe: Bakelite.

Aligundua pia kwamba safari hiyo ina vituo vitatu, naye akaviita A, B na C. Katika A utomvu huyeyuka. Katika B haumiminiki tena, lakini joto huufanya laini, ukakubali kugandamizwa. Katika C umekwisha kugeuka kabisa, wala haurudi nyuma. Ugunduzi huu ndio uliozaa kazi ya viwandani. Utomvu ambao haujafika C husagwa, huchanganywa na unga wa mbao ili usivunjike upesi, humwagwa katika kalibu ya chuma yenye moto, na kugandamizwa. Baada ya dakika chache hufika C ndani ya kalibu, na kitu hutolewa kikiwa bado moto bila kupoteza umbo lake.

Hapa ndipo lilipo jibu la yule mtoto. Plastiki ya ndoo imeundwa kwa molekuli ndefu zilizolala pamoja kama nyuzi katika fungu. Joto likiingia, nyuzi huteleza moja juu ya nyingine, na ndoo hulainika. Ikipoa hugumu tena, na mtu aweza kuirudia kazi hiyo mara nyingi. Katika Bakelite nyuzi zimefungwa mafundo kila upande, zikawa wavu mmoja. Joto haliwezi kuzitelezesha. Likizidi mno, huuchoma wavu wenyewe ukawa mkaa, lakini kuyeyuka hauyeyuki. Mfinyanzi ajua jambo linalofanana na hili. Udongo mbichi aweza kuuponda na kuufinyanga tena, lakini chungu kilichokwisha kuchomwa hakirudi kuwa udongo, ingawa yanayotendeka ndani ya udongo ni mengine.

Kutoka maabara hadi kiwandani

Tarehe 13 Julai 1907 Baekeland aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa njia yake ya joto na mgandamizo. Aliipewa tarehe 7 Desemba 1909. Katika nchi ya Uingereza mhandisi James Swinburne alikuwa akiifuata njia hiyo hiyo, na husimuliwa kwamba alipofika kuomba hataza yake alikuta Baekeland amemtangulia kwa siku moja. Katika Februari 1909 Baekeland aliieleza kazi yake mbele ya wakemia wenzake mjini New York.

Mwaka 1910 aliunda kampuni ya General Bakelite, na mwaka huo huo kazi ikaanzishwa pia Ujerumani, mjini Erkner karibu na Berlin. Kulikuwa na washindani waliotengeneza vitu vya namna hiyo, na baada ya mabishano ya kisheria wawili kati yao waliungana na kampuni yake mwaka 1922, wakawa Bakelite Corporation chini ya uongozi wake. Katika miaka iliyofuata Bakelite ilionekana kila mahali: soketi na swichi, vifuniko vya redio, vipuri vya magari, mikono ya pasi na ya vikaango, na zile simu nzito nyeusi za mezani ambazo wazee wetu walizikuta maofisini.

Tuseme pia yale yasiyo sifa, maana mwalimu hafundishi sifa tupu. Baekeland hakuwa wa kwanza kutengeneza plastiki. Kabla yake ilikuwapo seluloidi iliyotokana na pamba, na ilikuwapo plastiki iliyotokana na maziwa. Yake ilikuwa ya kwanza isiyotokana na mmea wala mnyama, iliyoundwa nzima kwa kemikali. Kadhalika, ule ugumu uliompa umaarufu una gharama yake. Kitu kisichoyeyuka hakiwezi kuyeyushwa na kufinyangwa upya, na kikivunjika hubaki taka kwa miaka mingi. Leo, nchi za Afrika Mashariki zinapopambana na taka za plastiki, mtoto anastahili kuelezwa kwamba sifa na dhara vilitoka katika kalibu moja.

Mwaka 1924 Baekeland alikuwa rais wa chama cha wakemia wa Marekani. Mwaka 1939 kampuni yake iliuzwa kwa Union Carbide, naye akastaafu. Uzeeni alijitenga na watu, akapenda chombo chake cha matanga na bustani yake ya Florida kuliko mikutano. Alifariki tarehe 23 Februari 1944 mjini Beacon, katika jimbo la New York, akiwa na umri wa miaka 80. Madaftari yake, aliyoyaandika tangu 1907 hadi karibu na mwisho wa maisha yake, yamehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya Marekani mjini Washington.

Tufundisheje habari hizi?

Mwanachuo aweza kuuliza sasa: habari hizi nitazifanyia nini darasani? Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, anza na kitu kabla ya jina. Walete watoto mbele ya swichi kuukuu iliyokwisha kutolewa ukutani na kipande cha ndoo. Waulize vinafanana wapi na vinatofautiana wapi. Jina la Baekeland lije baadaye, watakapokuwa wameona haja ya kulijua.

Pili, waonyeshe mabadiliko yanayorudi na yasiyorudi. Nta ya mshumaa ikiyeyushwa hugumu tena ikipoa. Yai likichemshwa haliwi bichi tena. Kila kundi liandike katika daftari lililoonekana, pamoja na lililoshindikana, kama Baekeland alivyofanya.

Tatu, watengeneze plastiki kwa mikono yao. Usithubutu kutumia fenoli wala formaldehaidi, kwani ya kwanza huunguza ngozi na ya pili ni sumu. Tumia maziwa. Pasha moto kikombe kimoja cha maziwa bila kuyachemsha, tia vijiko vinne vya chai vya siki, koroga, kisha chuja mabonge kwa kitambaa. Yakamue, yakande, uyashindilie katika kizibo cha chupa kama kalibu. Yakiachwa yakauke siku mbili au zaidi yatakuwa magumu. Vifungo vya nguo viliwahi kutengenezwa viwandani kwa plastiki ya maziwa iliyoimarishwa kwa formalini. Kazi ya moto ifanywe na mwalimu mwenyewe.

Nne, simulia kisa cha swali lililogeuzwa. Usikimbilie mwaka 1907. Waache watoto wakae kidogo na ule utomvu ulioharibu vyombo, wafikiri wao wangeufanyia nini, ndipo uwaeleze alivyofanya yeye. Mtoto aliyepewa nafasi hiyo atakumbuka uvumbuzi kwa sababu ameonja ugumu wake.

Hitimisho

Tulimwita mwanachuo wetu baada ya mazoezi kwisha, tukamwambia kwamba siku ile tulikuwa hatulijui jibu sisi wenyewe, na kwamba kuinamisha vichwa kulikuwa kosa letu. Tukampa maelezo ya nyuzi na wavu. Alikwisha kuondoka katika shule ile, lakini alimwandikia mwalimu wa darasa barua ili jibu limfikie mtoto. Kama lilimfika, hatukupata habari.

Nanyi mnaojitayarisha kwenda madarasani, tunawaomba jambo moja. Mtakapoulizwa swali msilolijua, liandikeni ubaoni upande mmoja, msilifute. Waambieni watoto kwamba mtalitafuta, na wiki ifuatayo rudini nalo.